Ndugu wa Mtawala Anapofungua Mdomo Nje ya Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwenye mabaraza ya Kondele na Nyalenda mjini Kisumu, bustani ya Nyayo pale Nakuru, na vituo vya matatu vya Kakamega na Busia, ambako habari ya Uganda haihesabiwi kuwa ya ng'ambo. Huzuka kila mara mtoto, mpwa au shemeji wa mtawala fulani anapoonekana kwenye runinga ya kigeni akimwaga ya nyumbani. Pale majibu yanapogusana, msomaji ameelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Ndugu wa mtawala ni nani hasa? Hata mke wa binamu yake?

Kwa hesabu ya kwetu ukoo hauna mwisho, kila mtu ni ndugu wa mtu. Hapa tunamhesabu yeyote aliyekuwa akiingia nyumbani kwa mtawala bila kuomba miadi: mzazi, mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja, mpwa, binamu, mkwe. Usimdharau mkwe. Mtoto huweza kukua akibembelezwa tu, lakini mkwe hupewa kazi, naye huona mafaili (tazama swali la 9).

2. Kwa nini aende BBC au gazeti la Ufaransa? Kwani kwao hakuna redio?

Redio ipo, ila ufunguo wake uko mfukoni mwa yuleyule anayetaka kumsema. Wazee wa huku wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Enzi za chama kimoja, mtu wa Kisumu alitega redio ya mawimbi mafupi kusikia kutoka London yaliyotokea Nairobi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957 na ya Ujerumani, DW, ikafuata 1963. Kwa miaka mingi hizo ndizo zilikuwa njia ya mzunguko ya kupata habari za nyumbani.

Sababu ya pili ni kinga. Anayejulikana duniani ni vigumu kupotezwa kimyakimya, ingawa haina maana kwamba hawezi kupotezwa (swali la 5).

Ya tatu ni msikilizaji anayelengwa. Mara nyingi ndugu huyu hazungumzi na wananchi wenzake, kwa kuwa wanajua tayari. Anazungumza na serikali za kigeni zinazotoa viza, mikopo na silaha. Novemba 2022, Farideh Moradkhani, mpwa wa Ali Khamenei, kiongozi mkuu wa Iran wakati ule, alitoa wito huo waziwazi: serikali za dunia zikate uhusiano na utawala wa mjomba wake.

3. Kwa nini neno lake linapewa uzito kuliko la mpinzani yeyote?

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mpinzani akisema rais ni mgonjwa, serikali itajibu kwamba anatafuta kura. Binti wa rais akisema hivyo, msemaji wa ikulu hukosa pa kushika.

Lakini kata inajua kina cha mtungi tu, haijui maji yalichotwa mto gani, na hapo ndipo wengi tunateleza. Mfano ninaoupenda ni wa Ko Yong Suk, mama mdogo wa Kim Jong Un wa Korea Kaskazini. Alimlea kijana huyo alipokuwa akisoma Uswisi, kisha mwaka 1998 yeye na mumewe wakatorokea Marekani na hatimaye wakafungua duka la dobi. Mwaka 2016 alizungumza na gazeti la Washington Post. Wataalamu walikuwa wamebishana miaka mingi kuhusu umri wa Kim, huyu akisema hiki na yule kile. Mama huyu akamaliza ubishi: alizaliwa 1984, mwaka mmoja na mwanangu, na nepi zao wote wawili nilizibadilisha mimi.

Ushahidi wa namna hiyo hakuna shirika la ujasusi linaloweza kuupata kwa setilaiti. Lakini ukimuuliza habari za makombora ya leo, atakwambia nini? Aliondoka 1998. Ndugu anaaminika kwa yale aliyoyaona kwa macho yake, katika chumba alichokuwamo na mwaka aliokuwamo. Zaidi ya hapo ni raia mwenye maoni kama mimi na wewe.

## Waliowahi kusema

4. Hebu tutajie wanaojulikana zaidi.

Svetlana Alliluyeva, binti wa Stalin, alikwenda India kupeleka majivu ya mwenzi wake, na Machi 1967 akaingia ubalozi wa Marekani mjini New Delhi kuomba hifadhi. Mwezi uliofuata alikuwa New York mbele ya wanahabari. Wanawe wawili aliwaacha Moscow.

Juanita Castro, dada wa Fidel na Raúl, aliondoka Cuba Juni 1964, akatangaza mjini Mexico City kwamba ameachana na serikali ya kaka zake. Akaishi Miami, akafungua duka la dawa, na hakurudi tena Cuba hadi alipofariki Desemba 2023 akiwa na miaka 90. Huko Cuba kaka mtu alitawala mpaka maradhi yalipomwondoa, akakabidhi kiti kwa kaka mwingine. Ukiwaza jinsi tunavyokutana wote kwenye matanga huku kwetu hata tukiwa hatusalimiani, utaona bei aliyoilipa mama huyu.

Farideh Moradkhani, tuliyemtaja juu, alikamatwa Tehran tarehe 23 Novemba 2022, wakati Iran ikiwaka kufuatia kifo cha Mahsa Amini, msichana aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili. Video yake ilisambazwa na kaka yake, Mahmoud, anayeishi Ufaransa. Baadaye wakili wake alisema amehukumiwa miaka mitatu. Desemba mwaka huohuo mama yao, Badri Hosseini Khamenei, dada wa kiongozi mwenyewe, akatoa barua ya kumlaani kaka yake. Barua hiyo tutairudia katika swali la 17, maana ina jambo ambalo wazee wetu wangelipigia makofi.

5. Yule wa Korea aliyeuawa uwanja wa ndege, ilikuwaje?

Kim Jong Nam alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume wa Kim Jong Il, na kaka wa Kim Jong Un kwa baba. Mwaka 2010 aliiambia runinga ya Kijapani, TV Asahi, kwamba haungi mkono urithi wa madaraka hadi kizazi cha tatu. Aliandikiana barua pepe kwa muda mrefu na mwandishi wa Kijapani, Yoji Gomi, ambaye alizichapisha Januari 2012, wiki chache tu baada ya mzee kufariki na kijana kukalia kiti.

Asubuhi ya tarehe 13 Februari 2017 alikuwa Kuala Lumpur, kwenye jengo la ndege za bei nafuu, akielekea Macau kwa pasipoti yenye jina lingine. Hakuwa na mlinzi. Wanawake wawili, mmoja wa Indonesia na mwingine wa Vietnam, wakamfikia kwa zamu na kumpaka kitu usoni. Kamera za uwanjani zilimwonyesha akiwaendea wahudumu na kuwaonyesha kwa ishara yaliyompata, halafu akitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi zahanati. Alikufa njiani kupelekwa hospitali. Kitu chenyewe kilikuwa VX, sumu ya mishipa ya fahamu iliyopigwa marufuku duniani. Wanawake wale walisema waliambiwa ni mchezo wa kuchekesha watu kwenye video, na mwaka 2019 wote wawili waliachiliwa.

Korea Kaskazini ilikana kuhusika. Hata hivyo hakuwa wa kwanza katika ukoo huo. Yi Han-yong, mtoto wa dada wa mama yake Jong Nam, alikimbilia Korea Kusini mwaka 1982 na baadaye akaandika kumbukumbu za maisha ndani ya familia hiyo. Alipigwa risasi mwaka 1997, karibu na Seoul. Kwa hiyo mtu anaposema "huyu yuko nje, yuko salama", muulize nje ya wapi.

6. Afrika je? Au huku watoto wa marais wananyamaza tu?

Wengi wananyamaza, au wanapewa wizara. Brenda Biya, binti wa Rais Paul Biya wa Kameruni, ni wa aina nyingine. Julai 2024 alizungumza na gazeti la Ufaransa, Le Parisien, kuhusu uhusiano wake na mwanamke mwenzake, ilhali sheria ya nchi inayoongozwa na baba yake tangu 1982 inamfunga mtu kwa jambo hilo hadi miaka mitano. Septemba 2025, zikiwa zimebaki wiki chache uchaguzi ufanyike, akatoa video TikTok akiwasihi Wakameruni wasimpigie kura baba yake. Baadaye akayarudisha maneno hayo (swali la 12). Mzee akatangazwa mshindi.

Chad kuna Yaya Dillo, binamu wa Rais Mahamat Idriss Déby na kiongozi wa chama cha upinzani. Wanajeshi walivamia makao ya chama chake mjini N'Djamena tarehe 28 Februari 2024, akauawa. Huyu alikuwa mwanasiasa kamili, si ndugu aliyechoka tu, lakini undugu haukumsaidia kitu. Pengine ulimzidishia, kwa kuwa binamu anaweza kudai kiti kwa damu na kwa kura pia.

7. Na Muhoozi? Si naye ni mtoto wa rais anayesema hadharani?

Anasema, na kila mtu wa Busia na Malaba anakumbuka. Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake hawangehitaji wiki mbili kuiteka Nairobi. Wakenya walimcheka mtandaoni siku kadhaa. Baba yake akatuomba radhi kwa maandishi, akamvua ukamanda wa jeshi la nchi kavu, na wakati huohuo akampandisha cheo kuwa jenerali kamili. Machi 2024 akamfanya mkuu wa majeshi yote.

Sasa mweke kando ya Farideh. Mmoja alisema neno akafungwa, mwingine alisema neno akaongezwa nyota begani. Wote ni ndugu wa mtawala na wote wanasema wazi, lakini huyu wa pili anasema akiwa ndani ya dola, kwa sauti ya dola. Ukurasa huu hasa unahusu wale wa aina ya Farideh. Maneno ya Muhoozi yasome kama unavyosoma tangazo la serikali ambalo huenda likakanushwa kesho.

8. Mbona ndugu wa Obama pale Kogelo walisema walivyotaka na hakuna aliyeguswa?

Swali hili huulizwa kwa kejeli, na jibu lake ndilo kipimo kizuri kuliko vyote.

Tangu 2008 wanahabari wa dunia nzima walipanda barabara ya Siaya mpaka Nyang'oma Kogelo. Mama Sarah, nyanya wa kambo wa Obama, aliwapokea uani kwake, akawaambia habari za marehemu mumewe na mjukuu, akawasindikiza. Alifariki hospitalini Kisumu Machi 2021. Lakini tumwangalie Malik, kaka wa Obama kwa baba. Julai 2016, ndugu yake akiwa bado Ikulu ya Marekani, Malik aliliambia gazeti la New York Post kwamba yeye anamuunga mkono Donald Trump. Oktoba akaenda Las Vegas kuketi kwenye mdahalo wa mwisho kama mgeni wa Trump. Yaani alivuka bahari kwenda kumtia aibu ndugu yake mbele ya kamera zote za dunia.

Akafanywa nini? Hakuna. Watu walimsema Siaya, wengine wakamcheka, akarudi nyumbani akalala. Undugu ni uleule na vyombo ni vilevile, hata maneno ya Malik yalikuwa makali kuliko yale ya Kim Jong Nam. Kilichotofautiana ni kwamba aliyesemwa hakuwa na uwezo wa kumtuma mtu na sumu, na hata angetaka, kuna mahakama, bunge na magazeti ya kumzuia. Ukitaka kujua utawala fulani ni wa namna gani, acha kusoma katiba yake. Angalia shemeji wa rais akikosoa kwenye redio jioni, analala wapi usiku huo.

## Kupima maneno yao

9. Nitajuaje kama anasema kweli?

Mimi huuliza matatu. Alikuwapo? Anapoteza nini kwa kusema? Na je, kuna jambo analolisema ambalo linamchafua hata yeye? Anayesimulia uovu wa ukoo mzima na yeye peke yake akabaki mweupe kama theluji ya Kilimanjaro, mpunguzie nusu.

Halafu angalia upande wa pili, kwa maana wasikilizaji nao hudanganya. Hussein Kamel alikuwa mkwe wa Saddam Hussein na msimamizi wa mipango ya silaha ya Iraki. Agosti 1995 alitorokea Jordan pamoja na nduguye, ambaye pia alikuwa mkwe wa Saddam. Aliwaambia wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kwamba silaha za kemikali na za kibayolojia zilikwisha kuharibiwa. Septemba akahojiwa na CNN. Miaka saba baadaye, wakubwa wa Marekani walipokuwa wakitafuta sababu za kuivamia Iraki, walimtaja Hussein Kamel kuwa ushahidi wa hatari ya Saddam, na ile sehemu ya silaha kuharibiwa wakaiacha. Nakala ya mahojiano yake na wakaguzi ilijulikana hadharani mapema 2003, wiki chache kabla ya vita, na vita vikapiganwa vivyo hivyo. Ndugu alisema kweli, wakubwa wakachukua walichokitaka. Kwa hiyo tafuta mahojiano mazima, usiridhike na kipande cha sekunde thelathini.

10. Na kama yeye mwenyewe alikuwa mla nyama?

Hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Rifaat al-Assad, baba mdogo wa Bashar al-Assad aliyekuwa rais wa Syria, alimtaka mpwa wake aondoke madarakani mwaka 2011, akizungumza na vyombo vya habari akiwa Ufaransa. Maneno mazuri. Lakini ni Rifaat huyuhuyu aliyeongoza vikosi vinavyolaumiwa kwa mauaji ya Hama ya Februari 1982, ambako waliouawa wanahesabiwa kwa maelfu. Na mwaka 2020 mahakama ya Paris ikamhukumu kifungo cha miaka minne kwa kutakatisha fedha za umma wa Syria.

Msikilize, kwa sababu anajua mengi. Usimpe kiti cha shujaa. Mwandishi anayemhoji mtu kama huyu bila kumuuliza habari za Hama amemfanyia kazi ya utangazaji tu.

11. Pengine ni ugomvi wa mali tu, kama huku ndugu wanapogombea shamba?

Mara nyingine ndiyo. Uzbekistan, mwaka 2013, binti wawili wa Rais Islam Karimov walipigana hadharani. Gulnara aliwarushia mama na dada yake tuhuma kupitia Twitter, na Lola akaiambia BBC kwamba yeye na Gulnara hawajasemezana kwa miaka 12. Wasikilizaji walidhani wanaona utawala ukipasuka, kumbe ni nyumba iliyogombana muda mrefu. Mwaka uliofuata Gulnara alikuwa kizuizini ndani ya nyumba, na aliyezungumza na wanahabari wa London kwa niaba yake ni mwanawe.

Ila ugomvi wa mali haufanyi maneno kuwa uongo. Ndugu wakigombana ndipo nyaraka zinapotoka kabatini. Cha kufanya ni kuzisoma nyaraka na kuacha matusi.

12. Akisema leo na kesho akakana, tushike lipi?

Shika la kwanza, ukiandika kando kwamba alilikana. Ni vigumu kujua kama mtu ameghairi kwa hiari au amepigiwa simu. Brenda Biya alirudi nyuma siku chache baada ya ile video. Svetlana alirudi Muungano wa Kisovieti mwaka 1984, akaisema vibaya Marekani, na mwaka 1986 akaondoka tena. Alifariki Wisconsin mwaka 2011. Hussein Kamel aliahidiwa msamaha, akarudi Baghdad tarehe 20 Februari 1996, na tarehe 23 akauawa. Kukana kwao hakufuti walichokiona.

13. Analipwa na mabeberu, au?

Inatokea. Juanita Castro mwenyewe alieleza mwaka 2009 kwamba alishirikiana na CIA akiwa bado ndani ya Cuba, miaka ya 1960. Lakini hoja hii ndiyo hutumiwa na kila mtawala duniani, kwa hiyo yenyewe haina uzito wa kutosha. Rudi kwenye yale matatu ya swali la 9.

14. Nimetumiwa video WhatsApp ya "mtoto wa rais" fulani akilia. Niisambaze?

Ngoja kwanza. Siku hizi sauti na sura hutengenezwa kwa kompyuta hata na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tafuta nani aliitoa mara ya kwanza. Ile ya Farideh ilikuwa na mwenyewe: kaka yake, kwa jina lake, kwenye ukurasa wake, na mashirika makubwa ya habari yakaifuatilia na kuichapisha. Video isiyo na mwenyewe, yenye maandishi mekundu "SAMBAZA KABLA HAIJAFUTWA", iache ifie kwenye simu yako.

## Usalama, huku na huko

15. Kuna wakimbizi wa nchi jirani Kisumu na Nakuru. Ndugu wa mtawala akifika hapa, yuko salama?

Kwenye karatasi, ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali ambako atateswa kwa maoni yake, na maombi hupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Vitendo ni habari nyingine. Tarehe 23 Julai 2024, wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa hapahapa Kisumu walikokuja kwa mafunzo, wakavushwa mpaka na kushtakiwa Kampala kwa makosa ya ugaidi. Novemba mwaka huohuo Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Uganda. Hao si ndugu wa mtawala, lakini njia waliyopitishwa ni ileile atakayopitishwa mpwa au shemeji. Umbali wa Kisumu na Busia ni wa safari moja ya matatu. Anayetaka kuzungumza na vyombo vya nje akiwa huku afanye hivyo akiwa amekwisha kujua atalala wapi baada ya kipindi kurushwa.

16. Mimi ni mwandishi wa redio ya hapa. Nimepigiwa simu na mtu wa namna hiyo. Nifanye nini?

Kwanza usifurahi sana, habari kubwa hulevya.

Laini za simu Kenya zimesajiliwa kwa vitambulisho, kwa hiyo simu ya kawaida kati yako na yeye ni njia iliyochorwa tayari kwa yeyote mwenye uwezo wa kuipata. Tumia programu iliyofungwa kwa msimbo, kama Signal, na simu isiyo yake. Kubaliana naye mapema, kabla kinasa sauti hakijawashwa, kama jina litatajwa au la. Akibadili mawazo katikati, heshimu.

Kisha sikiliza ulichorekodi kwa masikio ya adui. Kondakta anayeita "Kondele, Kondele" dirishani tayari amemwambia mtu uko mji gani. Adhana, kengele ya shule, honi ya treni, vyote ni anwani. Kwenye picha, mlima Menengai nyuma ya kichwa chake au mashua za ufuo wa Dunga ni sawa na kuandika namba ya nyumba. Rekodini chumbani, mapazia yakiwa yamefungwa, ukuta mtupu nyuma.

Na uliza habari za waliobaki nyumbani. Mama yake yuko wapi? Watoto wanasoma shule gani? Kama hawajaondoka, mwambie wazi kwamba hao ndio watakaofikiwa kwanza. Svetlana aliwaacha wanawe Moscow, na walikaa miaka 17 bila kuonana.

## Mambo ya pembeni

17. Kwetu siri ya nyumba haitoki nje. Huyu si amekosa adabu?

Mzee mmoja pale Nakuru aliuliza hili kwa uchungu, na nusu ya baraza lilimuunga mkono. Mila ya kusuluhisha ndani kwanza ni nzuri, nayo ina masharti: ndani kuwe na mtu wa kusikiliza.

Sasa ndiyo ile barua ya Badri. Aliandika kwamba miongo mingi nyuma alitimiza wajibu wake kama dada, akaifikisha sauti ya watu masikioni mwa kaka yake. Alipoona hasikii, akakata uhusiano. Ni baada ya binti yake kukamatwa ndipo alipoandika kwa ulimwengu. Mpangilio huo, kusema ndani, kusubiri, kisha kutoka nje, ndio hasa ambao baraza la wazee lingeudai. Na kuna jingine. Nyumba inayomiliki jeshi na magereza imeacha kuwa na siri za nyumbani. Kinachosemwa mezani pale jioni ni sheria kwa mamilioni ya watu asubuhi.

18. Maneno yao yamewahi kumwangusha mtawala?

Mimi sijaona. Fidel alifia nyumbani, Kim bado yupo. Kinachobadilika ni vitu vidogo vyenye maana. Hussein Kamel alipotoroka, Iraki iliogopa kwamba atasema yote, ikawapeleka wakaguzi kwenye shamba la kuku lililojaa masanduku ya nyaraka za silaha. Hofu ya atakachosema ilifanya kazi kuliko alichosema.

19. Mtawala akishafariki, ndugu wanaomtetea wana thamani gani?

Jaffar Amin, mmoja wa watoto wa Idi Amin, amezungumza na wanahabari wengi wa kigeni kuhusu baba aliyemjua: mcheshi, mwenye mapenzi kwa wanawe. Huku kwetu wapo wanaokumbuka Februari 1976, Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, Kisumu ikiwamo. Masimulizi ya mtoto yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na waliopotelea mikononi mwa askari wa baba yake nao ni wa kweli kabisa. Chukua kwake habari za nyumbani. Habari za magereza zichukue kwa waliofungwa.

20. Nikimtambua mtu kama huyu mtaani kwetu, nimpige picha?

Usimpige. Amepanga chumba kama wewe na anatafuta unga kama wewe. Akikuomba msaada, mwelekeze kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi au kwa wakili wa haki za binadamu, na umwachie mwenyewe aamue kama atazungumza, na nani, na lini. Usimpeleke kwa chifu kabla hajakubali.